Ufunguo wa Bandia wa Kuotesha Mishipa ya Fahamu

Fungueni madaftari yenu tuanze somo. Leo tutajifunza habari za mishipa ya fahamu, yaani zile nyuzi nyembamba zinazopeleka habari kati ya ubongo na viungo vya mwili.

Mtu akikatwa na panga mkononi, mshipa wa fahamu huweza kuota tena, kiasi cha milimita 1 kwa siku. Lakini akianguka kutoka juu ya mnazi, nyuzi za ndani ya uti wa mgongo zikakatika, miguu hupooza, na mara nyingi hairudiwi na nguvu. Kwa nini?

Sababu moja ni hii. Nyuzi hizo zimevikwa ala ya mafuta, na juu ya ala hiyo mna protini iitwayo MAG. Protini hiyo ina tundu, mfano wa tundu la kufuli. Nao uzi wa fahamu una sukari za namna ya pekee, ambazo nchani mwake mna asidi ya sialiki. Ncha hiyo ikiingia tunduni kama ufunguo, uzi hupata amri: usiote! Mkononi, masalio ya ala iliyoharibika huondolewa upesi. Katika uti wa mgongo hukaa siku nyingi.

Basi wataalamu wakawaza: tukiliziba tundu, amri haitatoka. Lakini sukari yenyewe hushika kwa ulegevu, tena ni kazi ngumu kuitengeneza. Katika Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, Beat Ernst na wenzake walichunguza sehemu za sukari zinazoshika tundu. Wakazibakiza hizo, wakaondoa zisizo na kazi, wakaongeza vipande vinavyoshika zaidi. Huo ndio ufunguo wa bandia: huingia ukakaa, lakini haugeuki. Katika maabara, chembe za fahamu zilizozuiwa na MAG ziliota nyuzi tena.

Njia hii si ndoto. Zanamivir, dawa ya homa ya mafua iliyoruhusiwa mwaka 1999, ilibuniwa kwa kuiga asidi hiyo hiyo. Lakini dawa ya uti wa mgongo bado haijafika hospitalini, na MAG si kizuizi pekee. Kwa hiyo, mtu akikuuzia chupa ya kuotesha mishipa, usitoe fedha yako. Na mkimwona aliyeanguka, msimwinue ovyo wala msimkalishe. Mwacheni alivyolala, mkaite mganga wa hospitali.

Maswali:
1. MAG huuzuiaje uzi kuota?
2. Kwa nini sukari yenyewe haikufaa kuwa dawa?