Usikimbilie pikapu ghali kabla ya kulisikiliza gitaa lako

JE, umewahi kumwona kijana akiuza baiskeli yake ili anunue kipande cha sumaku kinachotoshana na kidole chako?

Mimi nimemwona, tena si mbali. Ni mpwa wangu, mwana wa dada yangu mkubwa, mwanafunzi wa chuo hapa Nairobi na mpiga gitaa katika bendi ya kanisa. Si muda mrefu uliopita alipashwa habari kwamba kikundi cha wanamuziki wanne wanaowatumbuiza wageni hotelini kila Ijumaa jioni kilikuwa kikitafuta mpiga gitaa. Masharti yalikuwa mawili tu. Ajue kusindikiza nyimbo za jazz, na gitaa lake liwe na sauti ya joto, isiyowakatiza wageni mazungumzo yao mezani.

Sharti la kwanza halikumtisha. La pili lilimkosesha usingizi.

Huenda wewe msomaji unajiuliza sauti ya joto ni ipi. Sisi tuliokulia katika benga tumezoea gitaa linalolia kwa ukali, linalopenya katikati ya ngoma na kuwainua watu vitini. Na usidanganywe na majina. Shirati Jazz ya hapa kwetu na OK Jazz ya kule Kinshasa zilijiita Jazz, lakini muziki wao ulikuwa benga na rumba. Jazz ninayoizungumzia ni ile ya Wamarekani, ambayo gitaa lake huwa na sauti nene, ya mviringo, kama ya mtu anayesimulia hadithi usiku watoto wakiwa wamelala. Hata hivyo, sauti ya joto si sauti ya kuzibwa. Mpiga jazz hubonyeza nyuzi nne au tano kwa pamoja, na kila noti lazima isikike ikisimama peke yake. Ukisikia gitaa linalonguruma kama mtu aliyejifunika blanketi kichwani, hiyo si jazz, ni ubovu.

Basi mpwa wangu aliuza baiskeli, akaongezea mshahara wa kazi ya likizo, akaagiza pikapu. Na ninaposema pikapu sizungumzii yale magari yanayoleta sukuma wiki Marikiti. Pikapu ya gitaa ni kile kidude kilichopachikwa chini ya nyuzi. Ndani yake mna sumaku, na sumaku hiyo imezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mara elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa ndani ya waya. Siri hiyo iligunduliwa na Mwingereza Michael Faraday mwaka wa 1831, miaka mia moja kabla ya mtu kuitumia katika gitaa. Umeme huo ndio unaopelekwa kwenye amplifaya ukakuzwa.

Nilimsindikiza kwa fundi mmoja mzee mwenye kibanda karibu na barabara ya Luthuli, anayetengeneza redio na amplifaya na ambaye ujanani alipiga gitaa katika bendi ya rumba. Kijana alitoa pikapu yake mpya kwenye kisanduku kwa majivuno.

"Mzee, hii ni kilo-omu 16," alisema. "Ile ya zamani ni 6 tu."

Fundi aliipima kwa mita yake, akaigeuzageuza, kisha akairudisha kwenye kisanduku.

"Kijana wangu," alisema, "umenunua pilipili ya kutia kwenye chai ya maziwa."

Hapo ndipo mimi na mpwa wangu tulipoanza kusoma upya, na somo hilo ndilo ninalokuletea leo, kwa maana sijui ni vijana wangapi wanaouza baiskeli zao hivi hivi.

Namba ya kilo-omu, alieleza fundi, hupima ukinzani wa waya. Hukuambia kwa kukisia tu waya ni mrefu au mwembamba kiasi gani, wala haikuambii pikapu inaimbaje. Ni kweli kwamba waya ukizungushwa mara nyingi zaidi ukali wa juu hupungua, na ndiyo sababu kijana alidhani amepata joto. Lakini pamoja na hayo pikapu hupata nguvu nyingi mno, hasa ikiwa na sumaku ya seramiki kama ile yake. Nguvu hiyo huilemea amplifaya hadi sauti ianze kukwaruza. Mpiga roki hutafuta jambo hilo kwa udi na uvumba. Mpiga jazz akibonyeza nyuzi tano, noti zote hugeuka uji.

"Sasa hebu niambie," fundi akamuuliza, "hilo gitaa lenyewe umewahi kulisikiliza?"

Gitaa la mpwa wangu ni mwigo wa bei nafuu wa Stratocaster, aina iliyoanza kuuzwa na Fender mwaka wa 1954 na ambayo miigo yake imejaa kila pembe ya jiji hili. Lina pikapu tatu za koili moja moja. Moja imekaa karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungiwa, nyingine katikati, na ya tatu karibu na shingo. Kanisani kijana alikuwa akitumia ya darajani siku zote ili asimezwe na kinanda na ngoma. Fundi alisukuma swichi upande wa shingo, akamwambia apige tena.

Mimi nisiyejua muziki niliisikia tofauti. Kama huna gitaa, kumbuka watoto wanavyoruka kamba. Katikati kamba hupaa na kushuka kwa upana, lakini karibu na mkono wa anayeizungusha haitikisiki sana. Uzi wa gitaa ni vivyo hivyo. Pikapu ya darajani husikia mitikisiko midogo midogo mikali, ilhali ile ya shingoni husikia uzi ukipepea kwa upana na kutoa noti yake ya msingi. Joto linaanzia hapo, na kusukuma swichi hakulipiwi hata senti.

Kisha fundi alishika bisibisi. Pikapu ilikuwa imeinuliwa hadi karibu iguse nyuzi, kwa sababu kijana alitaka sauti kubwa. Kumbe sumaku ikikaribia mno huvuta uzi wenyewe, na noti hutetemeka kana kwamba gitaa halikuwekwa sawa. Aliishusha hadi kukawa na nafasi ya milimita 3 hivi, upande wa nyuzi nene ukishuka zaidi kidogo. Sauti ilipungua, lakini ikawa tamu. Akapunguza kidude cha toni hadi nusu, akaongeza amplifaya kidogo ili kufidia, akanyamaza.

Mpwa wangu alikuwa akitazama sakafu. Nadhani alikuwa akiikumbuka baiskeli.

Baada ya hapo zilifuata nyuzi. Wapiga jazz wengi hupenda nyuzi ambazo waya wake wa nje ni bapa, si wa mviringo. Vidole haviziparuzi, na ule mwangaza wa juu hupungua wenyewe. Seti inayoanza na uzi wa unene wa inchi 0.011 au 0.012 humfaa anayeanza, japo vidole vitalalamika wiki ya kwanza. Jihadhari na muuzaji atakayekupa nyuzi za shaba nyeusi za gitaa la kawaida lisilo la umeme. Sumaku haivuti shaba, kwa hivyo nyuzi zako nene zitasikika kwa unyonge. Nimeambiwa kosa hilo hutokea kila mara, na lawama huangukia pikapu.

Tungeweza kwenda nyumbani saa hiyo, lakini lilibaki tatizo moja ambalo bisibisi haiwezi. Kila kijana alipoacha kupiga, amplifaya ilivuma mmm kama nyuki ndani ya chupa.

Stima yetu hapa Kenya huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na koili ya pikapu huinasa kama redio inavyonasa stesheni. Kanisani kelele hiyo hufunikwa na kwaya. Hotelini, penye taa za kupunguzwa mwanga na wageni wanaonong'ona, isingefunikwa na chochote.

Mhandisi wa kampuni ya Gibson huko Marekani, Seth Lover, aliliwazia tatizo hilo hilo. Mwaka wa 1955 aliomba hataza ya pikapu yenye koili mbili zilizounganishwa kinyume, kila moja ikiwa na ncha ya sumaku tofauti na mwenzake. Mvumo wa stima ukiingia katika koili zote mbili hujifuta, ilhali sauti ya nyuzi hujumlishwa. Tangu 1957 pikapu hizo, ambazo mafundi wetu huziita hambaka, zimekuwa katika magitaa ya Gibson. Zinapolala sambamba, koili hizo husikia sehemu pana zaidi ya uzi, na hivyo baadhi ya makali hupotea. Ndiyo sababu hambaka ya shingoni husifiwa sana na wapiga jazz.

Lakini usiamini anayekuambia kwamba pasipo hambaka hakuna jazz. Charlie Christian, aliyejiunga na Benny Goodman mwaka wa 1939 na kulifanya gitaa la umeme liheshimiwe kama tarumbeta, alitumia Gibson ES-150, ambayo pikapu yake ilikuwa na koili moja. Alifariki 1942 akiwa na miaka 25 tu. Wala usiamini kwamba lazima gitaa liwe lile kubwa lenye tumbo wazi. Ed Bickert wa Canada alipiga jazz tulivu kwa miaka mingi akitumia Telecaster, ambalo ni kipande cha ubao mzima, na shingoni aliweka hambaka. Naye Wes Montgomery alipiga kwa nyama ya kidole gumba badala ya kipande cha plastiki. Jaribu kidole gumba chako kabla hujafungua pochi.

Kwa gitaa la mpwa wangu, kuweka hambaka ya ukubwa wa kawaida kungemaanisha kuchonga ubao. Fundi alikataa kuliharibu. Alishauri hambaka nyembamba ambayo koili zake mbili zimepangwa moja juu ya nyingine, na ambayo huingia katika tundu lile lile la koili moja. Sumaku iwe ya alniko, yaani mchanganyiko wenye alumini, nikeli na kobalti, na nguvu iwe ya kiasi. Ile ya kilo-omu 16 nayo ingeingia katika tundu hilo, na mvumo ingeufuta vile vile. Tofauti ilikuwa katika tabia.

Ukienda kununua, basi, mwambie muuzaji kwamba unataka ya shingoni, ya nguvu za chini au za wastani. Akikutajia roki au metali, aga. Ya mitumba haina ubaya mradi ipimwe kwa mita mbele yako, maana mita isiposonga waya umekatika ndani. Volyumu za gitaa la koili moja kwa kawaida ni za kilo-omu 250, na hambaka hupewa za 500. Kwa jazz waweza kuziacha za 250, kwani hulainisha sauti kidogo. Waya mrefu wa kuunganisha amplifaya pia hula makali ya juu. Ukiona sauti imezidi kuwa nzito, badilisha ule wa mita 9 kwa wa mita 3 kabla hujamlaumu fundi.

Mzazi nawe, mwanao akikuomba pesa za pikapu, usimfukuze. Mwambie kwanza akupigie akiwa ameweka swichi upande wa shingo.

Tulinunua hambaka ya mitumba kwa chini ya nusu ya bei ya ile ya kwanza, fundi akailehemu kwa dakika ishirini huku redio ya mteja mwingine ikitangaza mpira. Ijumaa iliyofuata nilikaa meza ya nyuma kule hotelini. Katika wimbo wa pili mpiga besi aliinama na kumnong'oneza kijana jambo. Nilidhani anakaripiwa. Kumbe alikuwa akimwambia aongeze sauti kidogo.

Wamempa miezi mitatu ya majaribio. Ile pikapu ya kilo-omu 16 ingali katika kisanduku chake, juu ya kabati la dada yangu, ikingoja mpiga roki.