Kongosho na Tuhuma Juu ya Muhogo

Katika nyumba nyingi za Uzigua na za bonde la mto Pangani, tangu Handeni hata Korogwe, bada, yaani ugali wa muhogo, ni chakula walichokirithi watu kwa wazee wao. Kwa hiyo si jambo dogo kusikia kwamba mabingwa wa utabibu waliwahi kukituhumu kuwa ndicho kiharibucho kongosho.

Kongosho ni kiungo chenye urefu wa kadiri ya sentimita 15, kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula, nacho humimina utumboni maji ya kusagia chakula na kutia katika damu insulini, itawalayo sukari ya mwili. Mwaka 1959 tabibu Zuidema alieleza habari za wagonjwa mafakiri wa Indonesia ambao kongosho zao zilifanya mawe, wakapatwa na kisukari. Na kwa kuwa maradhi hayo yalionekana katika nchi za walaji wa muhogo, sumu ya sianidi iliyomo katika muhogo mchungu ikashukiwa.

Muhogo ulipata wakili wake hapa hapa Tanzania. Watabibu Swai, McLarty na wenzao walikipima kijiji kimoja cha mkoa wa Mara, ambacho watu wake walikuwa wakila sana muhogo wenye sumu, wakakilinganisha na kwingine kusikokuwa na desturi hiyo, na taarifa yao ya mwaka 1992 ikabainisha kwamba kisukari hakikuzidi kwa walaji wa muhogo. Hata hivyo muhogo mchungu usiolowekwa wala kuanikwa barabara ungali na madhara yake, kwani huleta konzo, maradhi yapoozeshayo miguu.

Mawe yakiziba mfereji wa kongosho, mpasuaji huupasua kwa urefu wake, akayatoa, kisha akaushona na utumbo ili maji yapate njia na maumivu yapungue. Saratani ya kichwa cha kongosho ni shida kubwa zaidi: kwa upasuaji ulioenezwa na mpasuaji Whipple wa New York tangu 1935, huondolewa kichwa hicho pamoja na mwanzo wa utumbo mwembamba na sehemu ya mfereji wa nyongo, kisha vilivyosalia vikaungwa upya. Kazi hiyo yataka hospitali kubwa kama Muhimbili, nayo hufaa tu kabla saratani haijaenea.

Basi mtu akigeuka macho manjano, mkojo wake ukawa mweusi na choo chake cheupe, au maumivu ya chembe cha moyo yakampenya hata mgongoni huku mwili ukikonda, jamaa zake wasikae kukilaumu chungu cha bada, bali wampeleke mapema hospitali ya wilaya, kama Magunga pale Korogwe, apimwe. Maana kisu cha mpasuaji, kwa ustadi wake wote, hakiwezi kuzirudisha siku zilizopotea katika kumshitaki asiye na kosa.