Mmoja Anaogopa, Mwingine Anacheka

Ukiniuliza ni kitu gani kiligombanisha wapenzi wengi mwaka 2020, sitakutajia meseji za usiku wa manane wala michepuko. Nitakutajia kitambaa kidogo cha kuziba mdomo na pua. Barakoa!

Kwa kazi yangu ya uhariri nasikiliza hadithi za wapenzi kila wiki, na kipindi kile kulikuwa na wimbo mmoja tu. "Mume wangu anasema ni mafua tu." "Mchumba wangu ananinyima hata busu, eti nimepanda daladala." Ndani ya nyumba moja, chini ya neti moja, mmoja ana hofu mpaka halali, mwenzake anacheka. Na kila mmoja ana ushahidi wake kwenye simu.

Nani alikuwa sahihi? Hilo swali bado linaulizwa kwenye meza za chakula, na litarudi tena siku ugonjwa mwingine mpya ukibisha hodi. Ndiyo maana nimeona tulizungumze sasa, wakati vichwa vimetulia.

Tulikuwa tunasikia nini?

Tuwatendee haki wote wawili, maana habari zenyewe zilikuwa zinayumba. Tarehe 16 Machi 2020 Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa corona, jijini Arusha. Kesho yake shule zikafungwa. Limau na tangawizi zikapanda bei, ndoo za maji na sabuni zikakaa kila mlango wa duka, na watu wakaanza kupiga nyungu.

Halafu takwimu zikaacha kutolewa. Zilikuwa zimeishia wagonjwa 509 na vifo 21. Tarehe 3 Mei Rais John Magufuli akaeleza kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilipelekwa maabara zikiwa na majina ya watu, na zikarudi na majibu kwamba zina corona. Siku chache baadaye mkuu wa taasisi ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia magonjwa, John Nkengasong, akasema vipimo havina kasoro. Mwezi Juni shule zetu zikafunguliwa, wakati kwa majirani zetu Kenya kulikuwa na kafyu, na Uganda shule hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022.

Sasa wewe na mwenzako, mmekaa sebuleni na rimoti, mshike lipi? Kila aliyetaka kuogopa alipata sababu, na kila aliyetaka kucheka alipata sababu.

Hesabu inayochanganya

Hata wataalamu huwa wanapata shida na ugonjwa mpya, na siyo kwa sababu ni waongo. Chukua mfano rahisi. Wagonjwa 100 wamefika hospitali, 5 wakafariki. Utasema ugonjwa huu unaua watu 5 kati ya 100. Kumbe mtaani kuna wengine 900 waliougua kidogo, wakanywa chai ya tangawizi na kuendelea na shughuli zao. Ukiwajumlisha, ni watu 5 kati ya 1,000. Ugonjwa ni uleule, lakini umepungua ukali mara 10 kwenye karatasi.

Na inaweza kwenda upande wa pili. Leo unahesabu wagonjwa 100 na vifo 2, unapumua. Lakini kati ya hao 98 kuna walio kitandani bado, na hujui nani atatoka na nani hatatoka. Kwa hiyo mwanzoni namba inaweza kutisha kupita kiasi au kutuliza kupita kiasi, na ukweli unakuja baadaye taratibu.

Historia nayo haitoi jibu moja. SARS ya mwaka 2003 iliua watu 774 kati ya wagonjwa 8,098, karibu mmoja kati ya kila 10, lakini ilizimwa ndani ya miezi. Mafua ya nguruwe ya mwaka 2009 yalitangazwa kuwa janga la dunia, kumbe kwa wengi yakawa mepesi kuliko ilivyohofiwa. Corona ilikuwa tofauti na zote mbili. Wengi walipona bila hata kulala hospitali, lakini iliwafikia watu wengi mno. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba kwa mwaka 2020 na 2021 dunia ilipata vifo karibu milioni 14.9 zaidi ya ambavyo vingetokea bila janga lile.

Mnajibu maswali mawili tofauti

Hapa ndipo wapenzi wengi walipopotezana. Corona ilikuwa na tabia ya kuchagua kwa umri. Kijana wa miaka 30 mwenye afya njema alikuwa na nafasi kubwa sana ya kupona. Mzee wa miaka 70 mwenye kisukari au presha, hapana, hesabu yake ilikuwa nyingine kabisa.

Kwa hiyo mume anaposema "huu ugonjwa siyo mkali", anajibu swali la "je, mimi nitakufa?" Mke anaposema "huu ugonjwa ni hatari", anajibu swali la "je, mama atakufa?" Wote wanasema kweli! Wanagombana kwa sababu hakuna aliyemuuliza mwenzake: unamwogopea nani?

Wapenzi wengi wangemaliza ugomvi kwa swali hilo moja tu. Jaribu.

Krismasi ya Moshi

Kuna wanandoa ninaowafahamu, wote wapo kwenye miaka ya 30, mke anafanya kazi benki, mume yupo kwenye mambo ya kutoa mizigo bandarini. Mume ni Mchaga, na unajua Desemba Mchaga haulizwi anakwenda wapi. Desemba 2020 mke akagoma. Akasema hatapanda basi la saa nane na watoto kwenda kumpelekea mama mkwe ugonjwa. Mume akasema ugonjwa gani, mbona watu wamejaa sokoni? Na kwa upande wa ukweni, mkamwana kutokuja Krismasi ni kesi.

Mume akaenda peke yake. Akakaa mpaka tarehe 3 Januari, akarudi na ndizi na salamu zilizopoa.

Mwisho wa Januari mama akaanza kukohoa. Utakumbuka kipindi kile hatukutaja jina la ugonjwa, tulisema "changamoto ya upumuaji". Tarehe 17 Februari 2021 taifa lilimpoteza Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza wazi kwamba ana corona. Familia nyingine nyingi zilizika kimyakimya, bila jina. Mama huyu alikuwa mmoja wao. Hakupimwa.

Baada ya mazishi mume akawa haongei. Alikuwa amejihukumu kwamba yeye ndiye aliyepeleka. Mke angeweza kusema "nilikwambia", neno ambalo mwanandoa yeyote huwa linamwasha ulimini. Hakusema. Usiku mmoja alichukua kalenda ya ukutani na kalamu, akakaa naye. "Uliondoka tarehe 3. Mama ameanza kuumwa tarehe 28. Hizo ni siku 25. Hiki kitu huwa kinajitokeza ndani ya siku 14. Siyo wewe, baba."

Ameniambia mumewe alilia kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Nimeitafakari sana hadithi hii. Ujuzi uleule ambao Desemba ulikuwa silaha, Februari ukawa dawa. Mke alikuwa anajua zaidi kuhusu ugonjwa, na alipopata nafasi ya kushinda hakuitumia. Ila naongeza hili: kwa kuwa mama hakupimwa, kalenda ndiyo kitu pekee walichokuwa nacho. Ndiyo maana namba zina maana. Zinasaidia wizara kupanga, na zinamsaidia mtoto aliyebaki apate usingizi.

Haikuishia kwenye corona

Usidhani yale ni ya zamani. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera. Walihesabiwa wagonjwa 9, wakafariki 6. Januari 2025 ukarudi mkoa huohuo, wilayani Biharamulo. Kwanza WHO lilitoa taarifa ya wagonjwa wanaoshukiwa, Wizara ya Afya ikasema vipimo havijaonyesha Marburg, kisha tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan akathibitisha kwamba upo. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 10, na wote walifariki. Mlipuko ulitangazwa kuisha tarehe 13 Machi.

Kwa wiki ile moja ya Januari, nani alikuwa anajua? Ugonjwa mkali kupindukia, lakini wachache tu waliupata, kwa sababu Marburg huambukiza kwa kugusa majimaji ya mgonjwa, siyo kwa kukaa naye kwenye daladala. Ukali na kasi ya kuenea ni vitu viwili tofauti. Ukisikia ugonjwa mpya, uliza vyote viwili kabla hujapigiana kelele na mwenzako.

Mkubaliane mapema

Haya ndiyo niliyoyaokota kwa wapenzi waliovuka salama:

1. Tajeni kwanza mnyonge wa familia ni nani. Ni bibi? Ni mtoto mwenye pumu? Ni mjamzito? Maamuzi ya nyumba yafuate usalama wake, siyo ubishi wenu.

2. Mwenye hofu zaidi apewe vitu vyepesi. Kunawa, kufungua madirisha, kuvaa barakoa kwenye basi havigharimu ndoa.

3. Mwenye hofu naye asigeuke polisi. Kumnusa mwenzako kila akirudi kazini siyo kinga, ni adhabu.

4. Semeni mapema ni habari ipi itawabadilisha mawazo. "Wakitangaza wagonjwa mkoani kwetu, tunaahirisha sendofu." Hapo hakuna anayeshindwa, mnafuata mlichokubaliana.

5. Kabla ya kusambaza sauti ya "daktari wa Muhimbili" asiye na jina, mpe mwenzako aisikilize. Vichwa viwili vinanusa uongo haraka kuliko kimoja.

Ugonjwa mpya ukija, kutakuwa na wiki ambazo hakuna mtu duniani anayejua ukubwa wake. Hizo wiki hamtazikwepa. Mnachoweza kuchagua ni kama mtazipita mkiwa mnabishana au mkiwa mnaulizana. Leo jioni, kabla ya tamthilia kuanza, muulize mwenzako: ukija mwingine, wewe utamwogopea nani?