Faida Iko Kwenye Chupa

Mswahili akifungua orodha ya vyakula ya Madhu's, mgahawa wa Southall magharibi mwa London, hahitaji mkalimani. Humo ameandikiwa "Boozi Bafu", ambazo ni mbavu zilizoungwa kwenye mchuzi mzito, na "Nyamah Choma", na mogo, muhogo wetu ule ule, umekaangwa na kunyunyiziwa bizari nyembamba. Madhu's ulifunguliwa mwaka 1980 na Sanjay Anand, wa ukoo wa Kipunjabi uliokuwa na biashara ya chakula na burudani Nairobi kabla ya kuhamia Uingereza. Ndugu wa ukoo huohuo walikuwa wameshatangulia kufungua Brilliant, hapohapo Southall, mwaka 1975. Tahajia ni ya kuchekesha, lakini hesabu zao si za mchezo: leo Madhu's ni jina kubwa katika upishi wa harusi za Kihindi kwenye hoteli za kifahari za London.

Kwa miaka mingi migahawa ya aina hiyo ilikuwa ya Wahindi wenyewe. Mwingereza alikuwa na chakula kingine alichokiita cha Kihindi, na aliyempikia kwa kawaida hakuwa Mhindi wa leo bali Mbangladeshi kutoka Sylhet. Watu wa Sylhet walifika kama mabaharia na wapishi wa meli, wakashuka London, wakanunua vibanda vya chakula vilivyochoka baada ya vita, na kufikia miaka ya 1970 karibu kila mji mdogo wa Uingereza ulikuwa na mgahawa wao.

Siri ya biashara hiyo ilikuwa sufuria moja. Asubuhi mpishi huchemsha vitunguu gunia zima pamoja na tangawizi, kitunguu saumu, manjano na nyanya kidogo, kisha huvisaga mpaka viwe rojo laini la rangi ya dhahabu. Jioni oda ikiingia, kikaango kinawekwa motoni, mafuta, bizari, upawa wa rojo, vipande vya kuku vilivyokwisha kuiva. Dakika chache baadaye sahani iko mezani. Likitiwa krimu na nazi linakuwa korma. Pilipili ikiongezwa ni madras, ikizidi ni vindaloo, ingawa Mgoa akionyeshwa vindaloo hiyo atauliza siki iko wapi na nyama ya nguruwe imekwenda wapi. Kwa sufuria hiyo wapishi watatu waliweza kuhudumia orodha ya vyakula sitini bila kutupa chakula mwisho wa siku. Wakosoaji wa chakula wameidharau sana. Mtu anayejua kupiga hesabu za jiko ataiheshimu.

Mgahawa unaouza chakula cha jimbo moja hauwezi kuitegemea sufuria hiyo. Samaki wa Kerala anataka tui la nazi, majani ya mchuzi na ukwaju wa moshi. Wa Bengal anataka mafuta ya haradali. Mboga za Kigujarati zinataka sukari guru kidogo na uwatu. Biriani ya Hyderabad inafungwa kwa unga mdomoni mwa chungu na kuachwa ijipike kwa mvuke. Kila kimoja kina mpishi wake, vifaa vyake na muda wake, na gharama inapanda.

Hata hivyo soko lilielekea huko. Mwaka 1994 Das Sreedharan alifungua Rasa, Stoke Newington, akiuza chakula cha Kerala kisicho na nyama. Mwaka 2001 Cinnamon Club ilianza kazi ndani ya jengo la zamani la maktaba ya Westminster, na mwaka huohuo migahawa miwili ya London, Tamarind na Zaika, ikawa ya kwanza ya Kihindi kupewa nyota za Michelin. Trishna, yenye vyakula vya pwani ya kusini-magharibi mwa India, ilifuata mwaka 2008. Wenyewe, ndugu watatu wa ukoo wa Sethi, wakafungua Gymkhana mwaka 2013. Mwaka uliofuata ikapata nyota moja, na mwaka 2024 ikapata ya pili.

Bei ya sahani ilipanda pia, lakini kuna mahali inagota. Mteja aliyezoea kununua kuku wa tikka kwa bei ya mtaani hatalipa mara tano kwa sababu tu ameambiwa kuku huyu anatoka Chettinad. Ndipo macho ya wenye migahawa yalipogeukia glasi.

Kwenye migahawa ya zamani pombe haikuwa na mpango. Wenye mali wengi walikuwa Waislamu, na baadhi yao hawakutaka kuiuza kabisa. Tayyabs ya Whitechapel, mgahawa wa Kipunjabi uliofunguliwa mwaka 1972, mpaka leo haiuzi. Anayetaka kunywa huja na chupa yake mkononi. Penye leseni, kinywaji kilikuwa bia. Mwaka 1989 Karan Bilimoria, kijana wa Kiparsi aliyesomea Cambridge, alianzisha Cobra kwa hoja moja tu: bia za Ulaya zina gesi nyingi, zinamjaza mlaji tumbo kabla hajamaliza mchuzi. Alianza kwa kuitengeneza Bangalore na kuisambaza mgahawa kwa mgahawa. Ilienea nchi nzima, ikaja kulemewa na madeni, na tangu mwaka 2009 iko katika ubia na Molson Coors.

Kokteli ina hesabu nyingine. Sahani ya chakula inapita mikono mingi tangu anayemenya vitunguu mpaka anayeosha vyombo, na kisichouzwa leo kesho kinaoza. Glasi ya kokteli inatengenezwa na mtu mmoja kwa dakika mbili, na viungo vyake vikuu havichachi. Iliki, tangawizi, ukwaju na kotmiri tayari viko jikoni. Dishoom, iliyofunguliwa Covent Garden mwaka 2010 kwa mfano wa migahawa ya Wairani wa Bombay, iliielewa hesabu hiyo tangu mapema. Kinywaji chake kinachojulikana sana, Chaijito, ni ramu, mnanaa, kotmiri, tangawizi, ndimu na shira ya chai ya viungo. Baa zake ikaziita Permit Room, kumbukumbu ya sheria ya Bombay ya mwaka 1949 iliyopiga marufuku pombe na kumtaka mnywaji awe na kibali. Kuna kejeli humo. Gujarat, jimbo walikotoka wengi wa Wahindi wa Afrika Mashariki, imekataza pombe tangu ilipoundwa mwaka 1960, na mpaka sasa imelegeza kidogo sana.

Kisha ikaja korona. Machi 2020 migahawa ya Uingereza ilifungwa kwa amri, na kwa mara ya kwanza mgahawa wenye nyota na kibanda cha Sylheti vikawa na tatizo moja: mteja yuko nyumbani kwake. Kibanda kilikuwa na nafuu, kwani kupeleka chakula nyumbani ilikuwa kazi yake siku zote. Migahawa mikubwa ilibidi ibuni. Dishoom ikafungasha kifungua kinywa chake maarufu, naan yenye vipande vya nyama ya nguruwe: madonge ya unga, nyama, jemu ya nyanya na pilipili, jibini laini na kotmiri, na karatasi ya maelekezo ya kukaanga mwenyewe. Baadaye wasiokula nguruwe wakapata ya soseji za mboga.

Kifurushi hicho kilikuwa na faida isiyoonekana kwa macho. Chakula cha moto cha mgahawa hutozwa VAT ya asilimia 20. Chakula kibichi cha kwenda kupika nyumbani kwa kawaida hakitozwi. Serikali ilishusha kodi ya migahawa hadi asilimia 5 mwezi Julai 2020, lakini vileo havikuguswa. Vilipata nafuu ya namna nyingine: sheria iliyopitishwa kiangazi hicho iliruhusu migahawa ya Uingereza na Wales yenye leseni ya kuuza pombe mezani tu iiuze pia ya kuchukua au kupelekewa nyumbani, bila kuomba upya kwa halmashauri. Ruhusa hiyo ya muda iliongezwa mara kadhaa na kwisha Machi 2025.

Hapo kokteli ya chupa ikawa bidhaa, na mabaa yakalazimika kujifunza ufundi ambao mnywaji haufikirii. Maji ya ndimu hayavumilii. Siku ya pili yamebadilika ladha. Kwa hiyo chupa hujazwa vinywaji visivyo na tunda bichi, wiski yenye shira na machungu ya mitishamba kwa mfano, ambavyo hukaa miezi. Halafu kuna barafu. Kokteli ikikorogwa baa, barafu huyeyuka kiasi na kuilainisha. Chupa haina barafu, basi mtengenezaji hupima maji na kuyatia mwenyewe kabla ya kufunga kizibo, mara nyingi kati ya sehemu ya tano na robo ya ujazo wa pombe. Mteja huiweka kwenye friji, humimina juu ya donge la barafu, hukatia ganda la chungwa, na wageni wake humsifu kwa kazi ambayo ilikwisha kumalizwa na mtu mwingine.

Anayedhani biashara hiyo ilizaliwa na korona amesahau rafu za maduka makubwa. Laxmishanker Pathak alifika London kutoka Kenya mwaka 1956 na familia yake, akiwa hana kitu cha maana mfukoni, akaanza kuuza sambusa na vitamutamu. Kampuni yake, Patak's, ilikuja kugundua kwamba Mwingereza haogopi pilipili bali anaogopa kupika. Bizari ya unga hupoteza nguvu haraka na humtaka mpishi ajue kukaanga bila kuunguza. Bizari zikisagwa mbichi zikakaangwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta ndani ya chupa, kazi ngumu imekwisha. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka na zaidi ya 27,000 kati yao wakapokelewa Uingereza, kampuni hiyo ndiyo iliyopeleka chakula kwenye kambi zao. Wakimbizi haohao wakaja kuwa wateja, wapinzani na wenye maduka. Mwaka 2007 Patak's ilinunuliwa na Associated British Foods.

Miongoni mwa waliotoka Uganda walikuwamo akina Thakrar, waliouingiza mchele wa basmati kwenye maduka makubwa ya Uingereza kwa jina la Tilda. Kampuni ya Kimarekani ya Hain Celestial iliinunua Tilda mwaka 2014 na kuiuza mwaka 2019 kwa Ebro Foods ya Hispania kwa dola milioni 342. Rashmi Thakrar, mmoja wa waliokuza Tilda, ni baba yake Shamil Thakrar, ambaye pamoja na binamu yake Kavi wako miongoni mwa waanzilishi wa Dishoom. Kutoka gunia la mchele hadi Chaijito ni kizazi kimoja. Na Gymkhana, pamoja na nyota zake mbili, nayo sasa inauza michuzi ya chupa ya kupikia nyumbani.

Chupa nyingine ya hadithi hii inaanzia milima ya Kivu. Jini na toniki, kinywaji ambacho migahawa mingi ya Kihindi ya London inakiuza kama urithi wa enzi za ukoloni, hupata uchungu wake kwa kwinini. Mwingereza Erasmus Bond alisajili toniki yake mwaka 1858, na Schweppes ikaleta ya kwake mwaka 1870. Dawa hiyo ilikuwa ghali na ya kutafutwa; katika vita vya kwanza vya dunia Wajerumani wa Tanganyika, meli zao zikiwa zimezuiwa, walitengeneza kwinini kwa maganda ya miti iliyopandwa Amani, Usambara. Leo sehemu kubwa ya maganda yanayovunwa duniani hutoka mashariki mwa Kongo, walikopanda Wabelgiji, na Bukavu kuna kiwanda cha Pharmakina kinachoyasindika. Fever-Tree, kampuni ya Kiingereza iliyozinduliwa mwaka 2005, ilijijengea jina kwa kumwambia mnywaji kwamba kwinini yake inatoka huko, ikauza toniki kwa bei ambayo Schweppes isingethubutu. Mapema mwaka 2025 Molson Coors ilinunua asilimia 8.5 ya hisa zake na kuchukua haki ya kuiuza Marekani. Kwa hiyo kampuni moja ina mkono kwenye bia ya mlaji wa biriani na kwenye toniki ya jirani yake. Wiki chache baadaye, Februari, waasi wa M23 waliingia Bukavu.

Fedha kubwa inaendelea kumiminika upande wa migahawa. Mwaka 2025 mfuko wa uwekezaji wa L Catterton ulinunua sehemu ya Dishoom, ambayo mwaka uliotangulia ilikwishajipima New York kwa kuandaa kifungua kinywa cha siku chache ndani ya mgahawa wa Pastis. Kinachokosekana ni mikono. Tangu tarehe 22 Julai 2025, kanuni za uhamiaji za Uingereza zinataka kazi ya mgeni mwenye kibali cha ufundi iwe ya ngazi ya shahada, na upishi hauhesabiwi humo. Mpishi wa Hyderabad anayejua kufunga chungu cha biriani kwa unga haingii tena kwa mlango huo. Wenye migahawa ya majimbo wanabaki na kufundisha vijana wa hapohapo, jambo la miaka, au kupika michuzi mahali pamoja na kuisambaza kwenye matawi yao, ambako hahitajiki zaidi ya mtu wa kuipasha moto. Wale wazee wa Sylhet wangeitambua njia hiyo ya pili mara moja.