Joto la Bahari na Mahindi ya Mabanga

Sisi watu wa Pwani tumezoea kuhesabu mwaka kwa pepo na mvua: kaskazi na kusi, masika na vuli. Wazee wetu walijua ya kuwa mvua hutoka baharini. Wataalamu nao, tangu mwaka 1999, wamebainisha ya kuwa joto la maji ya Bahari ya Hindi lina sehemu kubwa katika kuifanya vuli iwe nyingi au haba.

Kwa kawaida maji ya upande wa Indonesia huwa na joto kuliko ya upande wetu. Lakini iko miaka ambayo mizani hugeuka: maji ya huku hupata joto kuliko desturi yake, na ya kule hupoa. Hapo mvuke mwingi hupanda kwetu, pepo huusukuma bara, na vuli huwa gharika, kama ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023. Mizani ikielemea kule, vuli hukauka, kama ilivyokuwa 2022.

Mkulima wa Mabanga, huko Bungoma, yuko mbali na bahari zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, lakini jambo hili lamgusa. Yeye hupanda mahindi mwezi wa Machi, akavuna kuanzia Oktoba, na wakati huo haja yake ni jua la kuanikia. Basi mvua ileile inayolifurahisha shamba la Kwale huweza kumwozea yeye mavuno uwanjani.

Nasi tunaokula sima ya mahindi ya bara, hatari yake hufika jikoni mwetu. Mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu huzaa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, sumu hiyo iliua watu 125.

Enyi mama zetu, chukueni chupa kavu ya kioo, mtie mahindi hadi thuluthi yake, muongeze vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, mfunike na kutikisa, kisha muiache dakika 15. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi hayajakauka, yarudisheni juani. Yaliyokwisha kuota kuvu yatupwe, wala asipewe ng'ombe wa maziwa, kwani sumu hupita hata katika maziwa.

Utabiri wa vuli ukitangazwa, tuusikilize. Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumwondolei mja wajibu wa kutahadhari.