HARUFU YA PETROLI KATIKA MOTOKAA: ITAFUTWE WAPI?

Katika gereji za kando ya barabara huko Kibera na Kawangware, mjini Nairobi, mafundi huletewa motokaa zinazonuka petroli ingawa hakuna tone linaloonekana chini. Baadhi ya wenye motokaa huambiwa wanunue pampu mpya, au hata tangi zima. Mara nyingi fedha hizo hupotea bure, maana kinachotoka si petroli yenyewe bali ni mvuke wake.

Petroli hugeuka mvuke hata motokaa ikiwa imesimama, hasa juani. Tena Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na wepesi wa hewa yake husaidia mvuke kutoka. Zamani mvuke huo uliachwa upotee hewani. Jimbo la California, Marekani, lilianza kuuzuia katika motokaa za mwaka 1970, na tangu hapo ukaenea mtindo wa kutia mkebe wenye makaa maalumu. Makaa hayo hunyonya mvuke wa tangi. Injini ikiisha kupata moto, vali ndogo hufunguka, na mvuke huvutwa ukachomwe ndani ya injini.

Fundi mwenye busara huanza na kitu cha bei ndogo, nacho ni kifuniko cha tangi. Mpira wake ukikauka au ukipasuka, mvuke hupita. Kisha huitazama mipira iendayo kwenye mkebe, hasa penye maungio, na mkebe wenyewe, ambao katika motokaa nyingi hufungwa chini karibu na tangi, mahali pa kupigwa na mawe.

Ikiwa motokaa ni ngumu kuwaka mara tu baada ya kujazwa petroli, vali ndiyo ya kushukiwa kuwa imekwama wazi. Kuipima si vigumu. Injini ikiwa baridi nayo inanguruma polepole, fundi huchomoa mpira utokao kwenye mkebe na kuweka kidole penye mdomo wa vali. Kidole kikivutwa, yaelekea vali haifungi. Na kama bomba la kituoni hujikata kila mara kabla tangi halijajaa, huenda njia ya hewa ya mkebe imezibwa na vumbi.

Mashine ya kusomea makosa yafaa, lakini isitegemewe peke yake. Namba P0455 hutaja uvujaji mkubwa na P0442 mdogo. Haisemi ni wapi. Isitoshe, baadhi ya motokaa zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani hazina mtambo wa kupima uvujaji huo, basi taa haiwaki kamwe. Hapo pua ya fundi ina faida kuliko mashine.

Lakini pua si kiberiti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, na gereji nyingi zimepakana na majiko ya chapati na samaki. Mwezi wa Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka bomba kuu ilishika moto katika mtaa wa Sinai, Nairobi, watu wapatao 100 wakafa. Motokaa moja haina petroli nyingi hivyo, ila yatosha kumwunguza fundi na jirani yake. Ni hatari vilevile kupuliza tangi kwa kompresa ya magurudumu, kwani nguvu yake hupasua mipira na hata tangi.

Liko kosa moja la wenye motokaa wenyewe. Bomba likiisha kujikata, wengine humsihi mwuzaji aongeze mpaka petroli ifike mdomoni. Petroli hiyo huweza kuingia katika mkebe na kulowesha makaa, na mkebe uliolowa hivyo mara nyingi hautengenezeki, hununuliwa mwingine.