Sahani ya Faenza, Bilauri ya Murano

Mgeni aalikwaye kula katika nyumba ya watu wa Romagna au Umbria, ambako ada za kale bado zimeshikwa, huwekewa mbele yake sahani ya udongo yenye uso mweupe ulionakshiwa kwa samawati na manjano, akamiminiwa kinywaji katika bilauri nyepesi, juu ya kitambaa cha kitani kilichopigwa chapa ya rangi ya kutu; na akiuliza asili ya vyombo hivyo, huambiwa kwa fahari kuwa ni vya Italia, vya mji fulani na karakana fulani. Jibu hilo ni la kweli, walakini si kweli yote. Maana ufundi mkubwa unaoipamba meza ya Mwitaliano ulikuja kwa bahari kutoka Iraki, Shamu, Misri na Andalusia, ukapokewa na mafundi wenye akili na subira, nao wakauzidishia uzuri hata ukawa mali yao. Na biashara ile ile iliyoupeleka kwao ilileta fungu lake hata huku kwetu pwani.

Tuanze na sahani. Katika karne ya 9, zama za makhalifa wa Bani Abbas, wafinyanzi wa Basra waliziona kauri nyeupe zilizoletwa na majahazi kutoka China, wakatamani kutengeneza mfano wake. Udongo mweupe wa Wachina hawakuwa nao. Walichokuwa nacho ni udongo wao wa kawaida, wa rangi ya manjano hafifu. Hila waliyoivumbua ilikuwa ni kuchanganya unga wa bati katika rojo ya kupaka juu ya chombo, rojo ambayo ikipata moto hugeuka kioo, na kwa sababu ya bati kioo hicho huwa cheupe kabisa, kisionyeshe udongo uliofichwa chini yake. Juu ya weupe huo wakachora nakshi zao. Vipande vya vyombo hivyo vya Iraki vimefukuliwa katika magofu ya Manda na Shanga, katika visiwa vya Lamu, jambo linalothibitisha kwamba wazee wetu wa pwani walivitumia majumbani mwao karne kadhaa kabla Mwitaliano hajajua kuvitengeneza.

Maarifa hayo yalielekea magharibi, yakapita Misri na Maghribi hata yakafika Andalusia, na kutoka huko, pamoja na njia nyingine za bahari, yakaingia Italia, ambako vyombo vya namna hiyo huitwa maiolica. Kazi yenyewe inataka moyo mtulivu. Chombo hufinyangwa juu ya gurudumu, hukaushwa kivulini, huchomwa mara ya kwanza kwa joto la karibu digrii 1000, kisha huchovywa katika ile rojo nyeupe na kuachwa kikauke, na hapo uso wake huwa kama vumbi lililogandamana, lenye kunywa rangi mara tu brashi inapogusa. Hakuna kufuta wala kurudia. Mstari uliokwenda upande umekwenda upande, na ndiyo maana mchoraji hujifunza miaka mingi kabla ya kukabidhiwa sahani ya maana. Rangi nazo ni chache, kwa kuwa si kila rangi istahimiliyo moto: samawati ya kobalti, kijani cha shaba, manjano ya antimoni, zambarau ya manganisi, na rangi ya chungwa itokayo katika chuma. Baada ya hayo chombo hurudishwa tanurini, kwa joto la zaidi ya digrii 900, ili rojo na rangi ziyeyuke na kushikana ziwe kitu kimoja.

Haya yote tunayajua kwa ukamilifu kwa sababu mtu mmoja wa Castel Durante, Cipriano Piccolpasso, aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1557 hivi, akichora kwa mkono wake magurudumu, tanuri na vinu vya kusagia rangi. Katika zama ambazo kila karakana ilikuwa ikificha siri zake, yeye alizianika, nasi hatuna budi kumshukuru.

Kila mji ulikuwa na mtindo wake. Urbino ilisifika kwa sahani zilizochorwa visa vizima, watu na majumba na milima, hata mfinyanzi akashindana na mchoraji wa kuta. Na mnamo mwaka 1524 Eleonora Gonzaga, bibi wa Urbino, alimpelekea mama yake Isabella d'Este seti ya vyombo vya namna hiyo, kazi ya Nicola da Urbino. Gubbio ilimpata Giorgio Andreoli, aliyejua kuvipa vyombo mng'ao wa dhahabu na wa yakuti kwa moto wa tatu, mdogo na wenye moshi mwingi, ufundi ambao nao asili yake ni Iraki. Ikiwa nitaulizwa rai yangu, nitasema kwamba sahani zile za visa, kwa adhama yake yote, hazinivutii kama sahani za watu wa kawaida wa Deruta na Faenza, zenye ua moja au jogoo au ndege aliyechorwa kwa mipigo mitano sita ya brashi. Kwa maana sahani ya kwanza inataka kutundikwa, na ya pili inataka chakula.

Bilauri nayo ina habari zake, na si za kupuuzwa. Mwaka 1291 Jamhuri ya Venice, ikiogopa moto katika mji uliosongamana, iliamuru tanuri za kioo zihamishiwe kisiwa cha Murano, mwendo mfupi kwa mashua. Na hofu ya moto ikafuatwa na hofu ya siri kutoroka, hata fundi wa kioo akawa mtu aliyetukuzwa na kufungwa kwa wakati mmoja, kwani binti yake aliweza kuolewa na mwana wa ukoo bora, ilhali yeye mwenyewe alikatazwa kuihama milki ya Jamhuri na kwenda kufanya kazi yake ugenini. Lakini majivu ya mimea ya chumvi, ambayo bila hayo mchanga hauyeyuki upesi, yalitoka Shamu na Misri, na mkataba uliofanywa mwaka 1277 baina ya Venice na mtawala mmoja wa Shamu ulitaja hata vigae vya kioo vilivyosafirishwa ili viyeyushwe upya. Katikati ya karne ya 15 Angelo Barovier alipata njia ya kuyasafisha majivu hayo, akatoa kioo kisicho na rangi, ambacho Ulaya yote ilikitamani.

Kazi ya tanuri ya Murano hufanywa na watu wachache wanaoelewana pasipo maneno mengi. Mwalimu huketi juu ya benchi lake lenye mikono miwili ya chuma. Msaidizi humletea donge la kioo kilichoyeyuka kwenye ncha ya bomba refu. Kijana mwanagenzi hupuliza anapoamriwa, hufungua mlango wa tanuri, huleta na kuondoa vyombo vya kazi. Mwalimu hulizungusha bomba bila kusita, kwani kioo kikiachwa kitambo kidogo tu huinama kwa uzito wake, akikivuta kwa koleo, akikikata kwa mkasi, akikirudisha motoni kila kinapoanza kukaza. Kisha chombo kikikamilika hutiwa katika tanuri ya pili yenye joto la chini zaidi, kipoe polepole kwa saa nyingi, kwani kikipozwa ghafla hupasuka. Hakuna kipimo ila jicho, na jicho hilo halinunuliwi. Hufunzwa tangu utotoni, na akifa mwalimu asiyeacha mwanafunzi, hufa nalo.

Hapa ndipo habari za Murano zinapotugusa sisi moja kwa moja. Pamoja na bilauri, Venice ilitengeneza shanga kwa mamilioni, na wanawake wa mji huo waliketi vizingitini mwa nyumba zao wakizitunga nyuzini kwa mafungu ya sindano ndefu, kwa ujira mdogo. Shanga hizo zilishushwa Unguja katika karne ya 19, na misafara iliyokwenda Tabora na Ujiji ilikuwa haiondoki pwani bila mizigo ya nguo, waya na shanga, ambazo ndizo zilizokuwa fedha ya njiani. Mwaka 2020 ufundi huo wa shanga, wa Italia na wa Ufaransa, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu. Na ingefaa katika heshima hiyo wakumbukwe pia wapagazi waliozibeba mabegani hata kandokando ya Ziwa Tanganyika.

Habari za nguo za mezani nitazisema kwa ufupi. Katika miji midogo ya Romagna, kama Gambettola na Santarcangelo, vitambaa vya kitani hupigwa chapa kwa vipande vya mti wa mpea vilivyochongwa nakshi, vikapakwa rojo ya kutu ya chuma, siki ya mvinyo na unga wa ngano, kisha vikagongwa kwa nyundo. Na rangi hiyo haitoki kwa kufuliwa. Huko Burano, kisiwa jirani na Murano, lesi hushonwa kwa sindano na uzi bila kitambaa cha chini, na waelewao namna kofia za Lamu na Unguja zinavyotobolewa vitundu na kuzungushiwa uzi watafahamu upesi ni macho ya namna gani yanayotakiwa. Ufundi huo ulikaribia kupotea kabisa, hata mwaka 1872 ilipofunguliwa shule kwa msingi wa maarifa ya bibi kizee mmoja, Vincenza Memo, aliyekuwa bado anaukumbuka.

Hatari haikwisha. Murano iliporomoka baada ya Jamhuri kuangushwa mwaka 1797, ikafufuliwa katikati ya karne ya 19. Na juzijuzi tu, bei ya gesi ilipopanda kupita kiasi, tanuri nyingi, ambazo desturi yake ni kuwaka usiku na mchana, zilizimwa kwa muda. Jumba la makumbusho ya ufinyanzi la Faenza, lililoasisiwa na Gaetano Ballardini mwaka 1908, lilibomolewa kwa mabomu mwaka 1944, likajengwa upya kwa hidaya zilizotoka nchi nyingi. Serikali nayo imeweka sheria, ya mwaka 1990 kwa ufinyanzi na ya jimbo la Veneto ya mwaka 1994 kwa kioo cha Murano, ili alama ya kweli itambulikane miongoni mwa bidhaa za kuigiza zinazojaa madukani.

Msomaji akijaaliwa kufika Venice, asinunue bila kuitafuta alama hiyo, na asione tabu kulipa bei ya kazi ya mkono. Na akifika Faenza, aanze na vyombo vya Kiislamu ndipo apite kwenye vile vya Italia, apate kuona kwa macho yake nani alikuwa mwalimu na nani mwanafunzi.